Ramani ya Ukutani

Mama Ngoie, mkuu wa shule, alinipa siku mbili na makopo matatu:
kijani, buluu,
na nyekundu iliyobaki walipopaka mlango wa choo.
"Chora nchi nzima," akasema.
Ukuta wenyewe mita mbili na kidogo,
katika komini ya Kenya. Si Kenya ile yenye bahari;
hii yetu ya Lubumbashi, yenye soko na vumbi jekundu
linalopenya hadi kwenye nywele za brashi.

Nilianza na mpaka. Majirani tisa!
Mwenye majirani tisa halali mlango wazi.
Magharibi niliibana ikawa shingo ya chupa,
maana bahari tumepewa ya kuonja tu.
Kusini kile kiguu kinachoingia Zambia
kama mguu wa mtu aliyelala vibaya
nilikifuta mara mbili. Mara ya tatu nikakiacha kilivyotoka.

Kisha mto.
Unazaliwa huku kwetu, mwembamba, ukiitwa Lualaba,
unapanda kaskazini kama mwenye haraka,
unakata ikweta, unajuta, unarudi kuikata tena.
Karibu na Kisangani buluu ilikwisha.
Nikaongeza maji ya bomba (siku hiyo bomba lilikuwa limekubali)
na kuanzia hapo mto wetu umefifia,
kadiri unavyokua ndivyo usivyoonekana.

Kengele ya mapumziko. Watoto wakanizingira.
Numbi, yule mwenye pengo, akauliza Kinshasa sasa ni saa ngapi.
"Hapa saa nne, kule saa tatu."
"Kwa hiyo wao bado wako darasani?"
"Bado."
Akacheka akashika mbavu, kana kwamba amewashinda mbio.

Mwenyekiti wa wazazi alipita na mwavuli, akataka alama:
shaba hapa, kobalti hapa, almasi, dhahabu, bati,
usisahau, fundi, sisi ni matajiri.
Nikaweka vidoa, nikaweka vidoa,
hadi Mama Ngoie akatoka ofisini na miwani yake mkononi:
"Nchi hii ina surua?"
Nikafuta nusu.

Mashariki ukuta una ufa.
Ulikuwepo kabla yangu, umeshuka kutoka kwenye paa.
Nilisema tuuzibe kwa simenti; simenti haikuwepo.
Nikapaka kijani juu yake, tabaka mbili,
kesho yake asubuhi ulikuwa umefunguka palepale.
Kapend, kijana anayenishikia ngazi,
dada yake aliolewa Bukavu, na simu yake siku hizi haiiti.
Hakusema kitu. Alishika ngazi kwa mikono miwili
ingawa nilikuwa nimeshashuka.

Watu zaidi ya milioni mia moja,
na kwenye ramani hakuna hata mmoja.
Nilikuwa nafikiria hilo nikichora doa la Lubumbashi,
doa moja, nono, la rangi ya mlango wa choo,
wakati Numbi alipoweka kidole kabla halijakauka.
"Sisi tuko hapa?"
Akakivuta kidole juu, Likasi, Kamina,
akapita mbali zaidi, mahali nisipojua jina,
akisema, "Babu yangu alikuwa makanika wa treni, alifika mpaka huku,"
na mstari mwekundu ukabaki nyuma yake, umepinda.
Mama Ngoie alitaka niusafishe.
Nikamwambia ile ni reli.
Aliangalia muda mrefu. "Reli haipiti hapo," akasema,
kisha akarudi ofisini.

Malipo: kilo tano za unga, na franga mwisho wa mwezi.
Mwezi gani, hakuutaja.

Nyumbani mke wangu aliuliza nimefanya nini leo.
"Nimemaliza nchi."
"Basi nawa mikono, bukari inapoa."
Nikanawa kwa sabuni, nikanawa kwa mchanga.
Kijani kilitoka.
Mto ulibaki chini ya kucha.